Kufuta Diski kwa Maelfu: Vifaa Vinavyoifaa Dodoma

Diski ngumu ya kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita hadi diski, haipotezi kilichomo kwa sababu tu mtumiaji ameagiza kifutwe. Faili likitupwa, kompyuta huondoa jina lake kwenye orodha na kuihesabu nafasi ile kuwa huru. Maandishi yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuformati kwa haraka nako hubadilisha orodha tu. Ofisi inayotaka kuuza, kugawa au kutupa kompyuta zake inapaswa kwanza kuzifuta diski kikwelikweli, na kompyuta zikiwa maelfu, kazi hiyo haiwezekani kwa bisibisi na kompyuta moja ya mezani. Inahitaji maabara: chumba chenye mashine za kufuta diski nyingi kwa mpigo, rejista ya kila diski iliyoingia na kutoka, na njia ya kuziharibu zile zisizokubali kufutwa.

Kwa Tanzania, haja hiyo ipo zaidi Dodoma. Mji ulichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukasubiri miongo minne na zaidi, kisha Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahama. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, na Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa Aprili 2019. Ukijumlisha Bunge, taasisi zilizozifuata wizara zake, mabenki, hospitali na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa 2007, unapata kompyuta za kutosha kuishughulisha maabara moja mwaka mzima. Kompyuta ya ofisini hutumika miaka mitano hadi saba hivi. Zile zilizofunguliwa maboksi wakati wa wimbi la kuhama zinazeeka kwa pamoja na zitaondolewa kazini kwa pamoja.

Mali ya umma iliyochakaa haiendi moja kwa moja jalalani. Mara nyingi hupigwa mnada, na wakati mwingine hupewa kazi nyingine. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 baadaye vilikabidhiwa walimu. Ni matumizi mazuri ya fedha, ila kila kifaa kinachobadili mikono namna hiyo huja na swali la kilichobaki ndani yake.

Sheria inalibana swali hilo kutoka pande mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na asikae nazo kupita muda unaohitajika. Upande wa pili ipo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ambayo hairuhusu kumbukumbu za umma ziharibiwe kiholela. Diski ya uhasibu inaweza kuwa na orodha ya mishahara inayopaswa kufutika na, humohumo, nyaraka zinazopaswa kubaki kwa ajili ya mkaguzi au kwa ajili ya historia. Kwa hiyo diski isipokelewe maabara bila hati ya mwenye nayo inayothibitisha kwamba cha kubaki kimeshanakiliwa kwingine. Baada ya hapo mashine haina huruma.

Ulimwengu umeshaona kinachotokea kazi hii ikipuuzwa. Watafiti wawili wa Massachusetts Institute of Technology, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 za mitumba kati ya mwaka 2000 na 2002. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki, barua za watu na taarifa za matibabu. Miaka ishirini baadaye mambo hayakuwa yamebadilika sana: Septemba 2022 kampuni ya fedha ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 nchini Marekani kwa sababu ilikuwa imeipa kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na ujuzi wowote wa kufuta data, kazi ya kuondoa maelfu ya diski na seva. Baadhi ziliuzwa tena na kuonekana kwenye mnada wa mtandaoni zikiwa bado na taarifa za wateja. Teknolojia ya kuzifuta ilikuwepo.

Kabla ya kununua chochote, mpangaji wa maabara anapaswa kujua atakachopokea. Kompyuta za mezani za ofisi za serikali huja zaidi na diski za inchi 3.5 zenye waya wa aina ya SATA, za gigabaiti 500 au terabaiti moja. Kompyuta mpakato huja na diski ndogo za inchi 2.5, na zile mpya zaidi huja na SSD, ambazo hazina sahani inayozunguka bali chipu. Seva huja na diski za SAS, zinazofanana kwa umbo na za SATA lakini zenye lugha nyingine. Mara mojamoja itatokea diski ya zamani ya IDE yenye pini 40 na gigabaiti 40, kutoka kwenye kompyuta iliyosahaulika stoo. Hizo za mwisho hazistahili kununuliwa mashine. Ziende moja kwa moja kuharibiwa.

Uamuzi unaofuata ni wa kiwango cha kufuta, na ndio unaoamua ukubwa wa maabara kuliko kingine chochote. Mwaka 1996 Peter Gutmann, mtaalamu wa New Zealand, alichapisha makala iliyopendekeza kuandika juu ya diski mara 35, kila mara kwa mpangilio tofauti, ili kukabili kila aina ya diski iliyokuwapo enzi zile. Namba hiyo ikageuka imani. Programu nyingi bado zinaitoa kama chaguo la usalama wa juu, ingawa Gutmann mwenyewe alishaeleza kwamba kwa diski za kisasa mizunguko yote 35 haina maana. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wenye namba 800-88, uliotolewa 2006 na kurekebishwa kwa kina 2014, unatambua ngazi tatu: kufuta kwa kuandika juu kwa amri za kawaida, kusafisha kwa amri za ndani za diski yenyewe kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye vifaa vya maabara hapati kitu, na kuharibu. Kwa diski ya sahani, mzunguko mmoja wa sifuri unaofuatiwa na usomaji wa uthibitisho unatosha kwa taarifa nyingi za ofisi. Anayeng'ang'ania mizunguko 35 atahitaji nafasi za diski mara nyingi zaidi kwa kazi ileile, na atakuwa amenunua joto na umeme tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Diski ya gigabaiti 500 ya miaka kadhaa huandika kwa wastani wa megabaiti 80 kwa sekunde, kwa kuwa huanza kasi kwenye ukingo wa nje wa sahani na kupungua hadi karibu nusu inapofika ndani. Gigabaiti 500 kwa kasi hiyo ni saa 1 na dakika 44. Kuisoma yote tena kuthibitisha ni muda kama huo, hivyo diski moja hukaa kwenye mashine saa tatu na nusu. Diski ya terabaiti 4 kwa wastani wa megabaiti 150 huchukua zaidi ya saa saba kuandikwa, na karibu saa 15 pamoja na uthibitisho. Maabara inayofungua asubuhi na kufunga jioni inaweza kupakia diski ndogo mara mbili mchana, kisha kuacha kundi la tatu, na zile kubwa, zijifute usiku. Ikiwa lengo ni diski 200 kwa siku, inahitaji nafasi 67. Ukiongeza za akiba kwa diski zitakazokwama, nafasi 96 ni makadirio ya busara: seva nne zenye nafasi 24 kila moja.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mnunuzi asiyeifahamu kazi huagiza prosesa kali na RAM ya kutosha kuendesha benki, kwa sababu neno seva linamletea picha hiyo. Kuandika sifuri kwenye diski 24 hakuitoi jasho prosesa ya kawaida ya viini vinne, na RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Prosesa huanza kuwa na umuhimu pale tu utaratibu unapotaka kuandika tarakimu za kubahatisha badala ya sifuri, maana tarakimu hizo lazima zizalishwe. Kinachopunguza kasi ni diski yenyewe, na hakuna seva inayoweza kuiharakisha sahani ya mwaka 2015. Fedha ziende kwenye wingi wa nafasi, kwenye kadi inayoziunganisha diski na kompyuta, na kwenye umeme.

Kadi hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Seva nyingi za ofisini huja na kadi za RAID, ambazo kazi yake ni kuunganisha diski kadhaa na kuzionyesha kama diski moja. Kwa ufutaji huo ni ukuta. Programu haioni namba ya utambulisho ya kila diski, haiwezi kusoma hali yake ya afya, na amri ya diski ya kujisafisha haivuki. Inayotakiwa ni kadi sahili inayoipitisha kila diski kama ilivyo. Kadi ya aina ya LSI 9211-8i, iliyotoka zaidi ya miaka kumi iliyopita na ikipatikana kwa bei ndogo kwenye soko la vifaa vilivyotumika, bado inamudu. Ina njia nane zenye uwezo wa megabaiti 600 kwa sekunde kila moja, na hata baada ya kubanwa na tundu lake kwenye madabodi hubaki na megabaiti 3,000 na kitu. Diski 24 zikiandika kwa wastani wa megabaiti 100 zinahitaji 2,400. Faida nyingine ni kwamba kadi na bodi za SAS hupokea diski za SATA pia, ilhali tundu la SATA haliikubali diski ya SAS. Maabara inayopokea kutoka kwenye vyumba vya seva vya wizara inunue za SAS tangu mwanzo.

Diski za seva zina kituko kingine. Zile zilizotoka kwenye makabati makubwa ya kuhifadhi data, kama ya NetApp au EMC, mara nyingi zimegawanywa katika sekta za baiti 520 badala ya 512 zilizozoeleka. Kompyuta ya kawaida huiona diski hiyo lakini hukataa kuisoma, na fundi asiyejua huitupa akidhani imekufa. Programu huria za sg3_utils huiformati upya na kuirudisha kwenye 512 kwa saa chache, mradi kadi iwe ile inayopitisha amri bila kuzigusa.

Njia ya mkato inayovutia ni vituo vidogo vya USB, vile vya kuchomekea diski mbili au nne mezani. Ni rahisi na hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam. Ubaya wake ni chipu ya kati inayotafsiri USB kuwa SATA: mara nyingi huzuia amri za kusafisha, na baadhi huficha namba halisi ya diski na kuweka yake, kosa linaloharibu rejista nzima. Tena bandari moja ya USB 3.0 hugawana megabaiti 400 hivi kwa kila kilichochomekwa, kwa hiyo diski kumi hupata 40 kila moja na muda hurefuka maradufu. Vituo hivyo vibaki kwenye meza ya uchunguzi.

Jambo ambalo halionekani kwenye orodha za bei ni uchakavu wa matundu. Kiunganishi cha SATA cha waya wa ndani kimekusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi katika maisha yake, na kile cha bodi ya nyuma ya seva mara 500. Takwimu hizo zinatosha kabisa kwa seva ambayo diski yake hubadilishwa inapokufa tu. Kwenye maabara ya kufuta, nafasi inayopakiwa mara tatu kwa siku humaliza mara 500 ndani ya siku 167 za kazi, yaani miezi minane. Baada ya hapo makosa ya kuandika huanza kutokea bila mpangilio, na lawama huangukia diski isiyo na hatia. Dawa ni kuchomeka kiunganishi kifupi cha kati kwenye kila tundu, kinachochakaa badala ya bodi na kubadilishwa kwa bei ndogo, na kuhesabu bodi za nyuma kama bidhaa za kutumika na kwisha, pamoja na karatasi za printa. Nafasi zisizohitaji fremu na skrubu nne nazo huokoa saa nzima ya fundi kila siku.

Umeme una kurasa zake. Diski ya inchi 3.5 hutumia wati 6 hadi 8 ikishazunguka, lakini sekunde za kwanza za kuanza huvuta karibu wati 24. Seva ya diski 24 ikiziamsha zote kwa pamoja huhitaji wati 576 kwa diski peke yake, na pawa saplai ndogo huzima papo hapo. Kadi nzuri huziamsha kwa zamu, na kipengele hicho kinapaswa kuandikwa kwenye mahitaji ya ununuzi. Maabara nzima ya nafasi 96, zikiwamo seva na feni zake, hutumia kilowati moja na nusu hivi inapofanya kazi, kiasi ambacho hata mitambo ya jua, katika mji wenye jua kama Dodoma, inaweza kukimudu mchana.

Mgao wa umeme uliosumbua nchi mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024. Hata hivyo kukatika kwa dakika mbili kwa sababu ya dhoruba au matengenezo hakujaisha, na kwa kazi hii dakika mbili ni nyingi. Programu ya kuandika juu ikizimika baada ya saa 12 za diski kubwa huanza upya. Hatari mbaya zaidi iko kwenye amri ya kujisafisha iliyomo ndani ya diski za SATA. Ili kuitumia, programu huweka kwanza nenosiri kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, diski huamka ikiwa imefungwa na haifunguki mpaka nenosiri lilelile litumike na usafishaji urudiwe. Fundi aliyeweka nenosiri la kubuni papo kwa papo na kulisahau amepata kipande cha chuma. Kwa sababu hiyo nenosiri liwe moja, liandikwe kwenye utaratibu wa maabara, na kila seva iwe na UPS yake inayoweza kuibeba kwa dakika 15 huku jenereta ikiwaka. Betri za risasi za UPS huchukia joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha yake karibu nusu. Mchana wa Oktoba na Novemba Dodoma hupita nyuzi 30, kwa hiyo chumba cha betri kipozwe kama chumba cha mashine.

Hali ya hewa ya uwanda wa kati ina mengine ya kwake. Mji uko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Feni zilezile hubeba joto pungufu, na diski zilizobanana sentimita moja moja hupanda joto haraka. Ni salama kuziweka chini ya nyuzi 50, na kwa hiyo sanduku lenye feni kubwa za mbele ni bora kuliko lile tulivu. Kelele yake haivumiliki kwa mtu aliyekaa karibu siku nzima, na meza ya usajili inapaswa kuwa chumba kingine.

Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili hivi. Miezi inayobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi. Kompyuta iliyokaa ofisini Dodoma miaka sita hufika na vumbi la kutosha kuziba feni za seva nzima, na ipulizwe nje ya jengo kabla ya kufunguliwa. Ukavu huleta umeme tuli, ule unaomchapa mtu anapogusa kitasa cha mlango. Cheche ambayo mtu haisikii inatosha kuua bodi ya SSD. Mikeka ya mezani na mikanda ya mkononi ya kupeleka umeme huo ardhini ni ya bei ndogo, lakini inategemea waya wa ardhini wa jengo, na udongo mkavu hupitisha umeme vibaya. Fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini wakati wa masika ikapimwa na kusifiwa inaweza kushindwa Septemba. Ipimwe kiangazi, iwe na fimbo zaidi ya moja, na udongo wake uchanganywe na kitu kinachoshika unyevu kama bentonaiti.

SSD zinageuza sehemu ya hesabu hizi juu chini. Chipu zake huhamisha data zenyewe kutoka seli moja hadi nyingine ili zisichakae upande mmoja, na kuna akiba ya seli ambayo kompyuta haiioni. Kuandika sifuri kutoka nje hakuhakikishi kwamba kila seli imeguswa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na Michael Wei, walijaribu SSD kadhaa na kukuta kwamba hata amri za ndani za kujisafisha hazikufanya kazi kwenye baadhi yake. Moja ilitoa taarifa kwamba imejifuta wakati data yote ilikuwa bado ipo. Watengenezaji wamerekebisha mengi tangu hapo, lakini usomaji wa uthibitisho haukwepeki. Njia iliyo safi zaidi ni ya diski zinazojisimba zenyewe tangu kiwandani: ufunguo ukiharibiwa, kilichobaki ni tarakimu zisizosomeka.

Kwa vifaa, maana yake ni hii. SSD humaliza kujisafisha kwa sekunde au dakika chache, hivyo haihitaji nafasi nyingi. Inahitaji mikono ya haraka. Benchi moja lenye nafasi nne linaweza kumshinda fundi anayelipakia. Za aina ya NVMe, zilizo kama kipande kirefu cha ubani wa kutafuna, zinahitaji mashine yenye njia za PCIe na adapta zinazoruhusu kubadilisha bila kuzima. SSD nyingi za SATA hugandishwa na BIOS kompyuta inapowaka, ili virusi visiweze kuzifuta, na fundi hulazimika kuilaza mashine na kuiamsha ndipo amri ikubaliwe. Madabodi ya maabara ijaribiwe kwa hili kabla ya kununuliwa kwa wingi. Vishikwambi na simu, ambazo chipu zake zimeunganishwa moja kwa moja na bodi, hazihusiani na mashine hizi kabisa. Zinafutwa ndani ya kifaa chenyewe kwa kuharibu ufunguo wa usimbaji.

Zipo diski ambazo hazitafutika: zenye sahani iliyokwaruzika, zenye sekta zilizokwishatengwa kwa ubovu, zisizoamka. Kila diski ipimwe afya kabla ya kuingia kwenye kundi, kwa sababu moja mbovu inayojaribu sekta ileile mara mia inaweza kuzikwamisha jirani zake kwenye bodi moja. Zinazotiliwa shaka zipewe mashine ndogo ya peke yake, na zikishindwa ziende kuharibiwa.

Kuharibu kuna njia mbili kuu. Mashine ya sumaku huvuruga sahani pamoja na alama za kiwandani ambazo diski huzitegemea kujiongoza, na baada ya hapo diski haiwaki tena. Ukinzani wa sahani za kisasa kwa sumaku hufikia oersted 5,000 hivi, kwa hiyo mashine za zamani za kufutia kanda hazitoshi. Ubaya ni kwamba matokeo hayathibitishwi kwa kompyuta, na sumaku haiigusi SSD hata kidogo. Ofisi iliyonunua mashine ya sumaku ikidhani imemaliza tatizo itakuwa inatoa cheti cha uongo kwa kila SSD inayopita. Mashine ya kusaga inafaa zote mbili, mradi vipande vya SSD viwe vidogo kiasi kwamba chipu nzima haiponi. Mabaki yake ni taka za kielektroniki na yanafuata kanuni za mwaka 2021 zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Hayapelekwi dampo wala kuuzwa kwa wanunua vyuma chakavu wasio na kibali.

Programu ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Nwipe, iliyotokana na DBAN ya zamani, ni ya bure, na ShredOS huiwasha kutoka kwenye flashi au kupitia mtandao wa ndani, bila kusakinisha chochote kwenye seva. Programu za kulipia hutoza kwa kila diski, na mwaka mmoja wa diski 50,000 huweza kupita bei ya mashine zote. Faida yake ni vyeti vilivyotiwa saini na vinavyokubalika na wakaguzi wa nje, jambo ambalo benki inaweza kulitaka na shule isilihitaji. Kwa vyovyote mtandao wa maabara usiunganishwe na intaneti, na mashine inayotunza rejista iwe na diski mbili zinazonakiliana. Kisomeo cha msimbo pau kisome lebo ya diski, seva isome namba iliyomo ndani yake, na zisipolingana kazi isimame.

Taasisi ya umma ikinunua vifaa hivi hupitia mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na kwa kawaida maelezo ya zabuni yanaeleza kazi ya kifaa badala ya kutaja chapa. Hapo ndipo ujuzi wa kuandika mahitaji unapookoa au kupoteza fedha. "Seva yenye uwezo mkubwa" italeta kadi ya RAID na prosesa mbili. "Sanduku lenye nafasi 24 za inchi 3.5 zinazobadilishwa bila kuzima, na kadi inayoonyesha kila diski peke yake na kupitisha amri za kusafisha" italeta kinachotakiwa, mara nyingi kwa bei ya chini. Masanduku yote manne yawe ya aina moja ili pawa saplai moja ya akiba itoshe kuyahudumia, kwani kipuri kinachotoka Dar es Salaam, kilomita 450 hivi kwa barabara, kinaweza kuisimamisha robo ya maabara kwa siku nzima hata siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri.

Majaribio ya kupokea mashine yaandikwe kwenye mkataba. Diski 24 hujazwa alama inayojulikana, huingizwa zote kwa pamoja, na ufutaji huanza. Katikati umeme wa ukutani huzimwa kuona kama UPS inabeba na jenereta inashika. Diski moja huchomolewa makusudi kuona kama nyingine 23 zinaendelea na kama rejista inaiandika ile moja kuwa haikumaliza. Joto la diski ya katikati husomwa saa nane mchana. Mwishoni diski zote husomwa kwenye kompyuta nyingine isiyohusika na ufutaji, ikitafuta ile alama. Ikipatikana hata mahali pamoja kwenye diski ambayo mashine imeitolea cheti, mzigo hurudi kwa mzabuni kabla hati ya mapokezi haijasainiwa.